Kamari imefika kila kona ya Mukuru, maktaba je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vitabu vya watoto wa mitaa ya mabanda. Mimi ni mama wa Mukuru kwa Reuben, na riziki yangu ni biashara ya inama: natandaza vitabu vya mtumba kando ya Barabara ya Tom Mboya.

Kila Januari wazazi hunijia na orodha ya shule mkononi. Wanatafuta vitabu vya marudio, kamusi, pengine atlasi. Mtoto naye huwa amechuchumaa upande wa pili, amefungua kitabu cha hadithi chenye picha na amesahau yuko wapi. Mama anamvuta mkono: "Hicho hakiko kwa orodha, twende." Simlaumu. Dukani, kijitabu kipya cha hadithi kinashinda bei ya pakiti ya unga, na ukiwa mtu wa mjengo hujui kama kesho utaitwa. Juu ya hayo, Sheria ya VAT ya 2013 ilivibandika vitabu ushuru wa asilimia 16, kana kwamba ni bidhaa kama nyingine yoyote.

Vyangu nauza hata shilingi hamsini, ila vingi ni vya Uingereza na Marekani, vimejaa theluji na mbwa wanaolala kitandani. Vya Kiswahili ni nadra kunifikia. Mtumba hutoka kwa aliyekuwa nacho, na ni nyumba ngapi hapa Nairobi zilizowahi kuwa na rafu ya hadithi za Kiswahili za watoto?

Serikali nayo siibezi. Tangu 2018 inanunua vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na chake. Lakini hizo ni shule za umma. Huku kwetu watoto wengi wanasoma katika shule za mabati tunazozilipia karo wenyewe, zile ziitwazo APBET, yaani za elimu mbadala. Hata hao wa shule za umma, sijamwona mtoto anayejifunika blanketi na kitabu cha kiada cha Hisabati akikisoma kwa raha.

Shule anayosoma mwanangu, ambayo sitaitaja, iliwahi kuletewa na wafadhili katoni za vitabu vya hadithi. Vimo kwenye kabati la chuma ofisini, kufuli juu, vingine hata nailoni havijavuliwa. Nilipouliza, niliambiwa vikitolewa vitapotea, na mzazi wa atakayepoteza atalipa. Ukisikia hivyo, wewe mwenyewe unamwonya mtoto asithubutu kuja nacho nyumbani. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi. Jiko, kitanda na mitungi ya maji vinagusana. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Mukuru na Mathare, tuliokoa watoto na magodoro, madaftari yakaenda na maji. Mama wa nyumba kama hii akiambiwa atalipa kitabu kikiloa, kitabu hicho hakitavuka mlango wake.

Kwa hiyo anayetaka watoto hawa wasome aingize hasara kwenye hesabu zake tangu mwanzo: vitakavyoloa, vitakavyoraruliwa na kitinda mimba, na vitakavyoibwa viuzwe mjini. (Huletwa kwangu vikiwa bado na mhuri wa shule. Sivinunui, lakini najua jirani yangu hana kinyongo navyo.) Kitabu kikiliwa na panya baada ya kusomwa na watoto ishirini, kimelipa deni lake.

Sasa ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeyaweka maktaba mikononi mwa kaunti. Yametajwa katika orodha moja na kamari, leseni za pombe na sinema. Tembea Mukuru uone ni ipi kati ya kazi hizo iliyotufikia. Kamari ina vibanda vyenye stima, viti na televisheni mpaka usiku.

Mjini tuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 ikiwa ya Wazungu, Mwafrika haruhusiwi kuingia kwa miaka mingi. Ina matawi Kaloleni na Makadara, na nawashukuru Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambao kupitia shirika la Book Bunk, walilolianzisha 2017, waliyakarabati matawi hayo mawili yakapendeza. Lakini mtoto wa miaka minane simtumi Makadara peke yake, kuna reli ya kuvuka na malori ya viwandani ya kukwepa. Mimi nami saa hizo niko mjini nauza.

Wako wanaosema watoto wasomee kwenye simu. Simu nyumbani ni moja, na inatoka na mwenyewe alfajiri. Hata hivyo, hadithi za African Storybook kwenye mtandao ni za bure, za Kiswahili zimo, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha. Niliwahi kuchapisha moja saiba: karatasi za A4 zimekunjwa katikati, zimepigwa pini, hazina rangi. Watoto wa ploti waliisoma mpaka jalada likang'oka.

Nairobi ina wadi 85. Naiomba kaunti chumba kimoja katika kila wadi, hata pembe ya ukumbi wa kijamii, kifunguliwe saa kumi jioni hadi saa moja, na Jumamosi kutwa, mtoto aazime kitabu na kwenda nacho nyumbani bila faini. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Safari hii nitafunga biashara niende. Wazazi wa Mukuru mtakaosoma barua hii, tukutane huko, na diwani wetu atuonyeshe maktaba iko ukurasa gani.

Muuza vitabu,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi