Miembe ipogolewe baada ya mavuno, si Agosti

MHARIRI,

Kila ukiingia mwezi wa Julai na Agosti, mashamba ya Gede, Msabaha na viunga vya Malindi husikika mapanga. Wenye miembe wanaisafisha, kama wanavyosema, ipate kuzaa vizuri. Hakuna wakati mbaya wa kuukata mwembe kuliko huo.

Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vijiti vilivyokomaa, vya miezi minne hivi na kuendelea. Vijiti hivyo huchipuka kwa mvua ya masika, hukomaa wakati wa baridi ya kusi, kisha maua hutokeza kuanzia Julai hadi Septemba. Anayekata Agosti anatupa maua ya msimu mzima. Mti utamjibu kwa majani mapya mekundu, yanapendeza kweli, lakini maembe hana.

Kupogoa kunafaa mavuno yakiisha tu, Februari au Machi, siku kavu kabla masika hayajaanza. Miembe ya pwani ina ukaidi wake, huenda upande mmoja ukawa na maembe na wa pili ndio kwanza unachanua. Hapo pogoa upande uliochumwa, mwingine ungoje zamu yake.

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayoburura chini. Fuata yale yanayopanda wima katikati, jua na upepo vipenye. Mti uliosongamana hukawia kukauka umande, ndipo yanapozuka madoa meusi kwenye maembe, na dawa ukinyunyiza huishia kwenye majani ya nje. Halafu kata ncha zilizobeba matunda, sentimita 10 hadi 15, zichipuke upya.

Tawi nene lina utaratibu wake, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwanza pitisha msumeno kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, uingie thuluthi moja ya unene. Pili, kata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lianguke. Tatu, ondoa kigutu kilichobaki, ukiacha ule uvimbe mdogo kama kola pale tawi linapoungana na shina. Ukilikata kwa mkupuo mmoja kutoka juu, uzito wake huchana gome hadi shinani. Ukiukata uvimbe wenyewe, kidonda hakifungi. Ukiacha kigutu kirefu, kitaoza na kuingiza uozo ndani. Kupaka kidonda oili chafu ya gari hakuhitajiki kabisa, hudhuru gome tu.

Panga huponda na kuacha nyuzi, kwa hiyo tumia msumeno na mkasi wa kupogolea, na uvipanguse kwa spiriti ukitoka kwenye mti mgonjwa. Usisimame chini ya mkato: utomvu wa mwembe huunguza ngozi, na machoni ni hatari.

Kwa mwaka usizidishe robo ya matawi. Mwembe wa zamani wa mita kumi, wa aina ya Ngowe au Dodo, ushushwe kwa miaka mitatu, hadi kimo ambacho kigoe kinafika bila mkwezi. Ukiuvua nguo kwa siku moja, gome lililozoea kivuli huungua na kupasuka, na wadudu huingia. Sehemu zilizobaki wazi zipakwe chokaa nyeupe iliyokorogwa na maji.

Miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mwembe wa aina nyingine, nayo isisahauliwe. Ikifika mita moja, kata kilele, kisha chagua matawi matatu au manne yaliyoachana kuzunguka shina. Kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo, pale kikonyo kilipoungwa, ling'oe lingali laini. Likiachwa hukua kwa kasi kuliko kikonyo kilichobebeshwa na kukifunika, mwenye shamba akaja kushangaa mche wa embe aina ya Apple alioununua kwa bei unazaa embe za kienyeji.

Mkulima wa maembe,
Gede, Malindi