Halothani, adrenalini na moyo wa mgonjwa aliyelazwa usingizi

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi tunaowapa wagonjwa dawa ya usingizi tunalifahamu vyema, ilhali ndugu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji ni nadra kuelezwa.

Halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa nchini Uingereza mwaka 1956, nchi tajiri zimeipa kisogo, lakini hapa Uganda tungali tunaitegemea kwa kuwa bei yake ni nafuu. Sina ugomvi nayo. Humlaza mtoto taratibu bila kumkereketa koo. Ila huufanya msuli wa moyo uwe mwepesi kushtushwa na adrenalini, kemikali ambayo mwili hutoa unaposhtuka au kuumia, hata mapigo yakavurugika na, hali ikizidi, moyo ukatetemeka tu pasipo kusukuma damu. Adrenalini hiyo huweza kutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, usingizi wake ukiwa mwepesi akahisi kisu, au pumzi ikiwa hafifu hewa chafu ikajaa kwenye damu; tena huweza kutoka kwenye bomba la sindano, mpasuaji anapochoma ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili jeraha lisitoe damu nyingi.

Hili la mwisho lilinikuta nikimhudumia kijana mmoja, nikiwa na kipimo cha kidoleni pekee. Mlio wake uliokuwa ukienda sawasawa ulianza kuruka: mitatu, kimya, miwili ya haraka, kimya kirefu. Nilimgusa shingoni, mshipa nao ukasema vivyo hivyo. Nilimwomba daktari aache kuchoma, nikapunguza halothani, nikampumulisha kwa mfuko, na baada ya dakika chache mapigo yakatulia. Kipimo kile huhesabu mapigo na kuonyesha oksijeni. Hakionyeshi mvurugiko ni wa aina gani, na tiba hutegemea hilo.

Kwa hiyo naisihi Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila chumba kinachotumia halothani, hata cha kituo kidogo wilayani, kina skrini ya kuonyesha umeme wa moyo. Wenye maradhi ya moyo, hasa yale yatokanayo na homa ya baridi yabisi, watutajie dawa wanazokunywa, kwani wapo wanaozificha wakihofia upasuaji kuahirishwa. Nao wapasuaji waseme kwa sauti kabla ya kuchoma adrenalini, wataje na kiasi, ili nipate kuipunguza halothani mapema.

Mtoa dawa ya usingizi,
Jinja