Tumbo limekatwa jamani, msinipakulie

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake hii mada mliigusa juzi mkaiacha nusu. Mlieleza vizuri upasuaji wa kupunguza tumbo ni nini, nani anafaa kufanyiwa na gharama yake inavyotisha, halafu mgonjwa akatoka hospitali na habari ikaishia hapo hapo mlangoni. Sasa huyo mtu si anarudi nyumbani? Anarudi kwa watu bwana, na hapa kwetu Mombasa ukirudi kwa watu umerudi kwenye sinia.

Mimi ni mpishi wa harusi, kazi nimeirithi kwa mamangu, na mwaka jana nimekatwa tumbo. Najua inachekesha, ati mpishi hali, watu wameshacheka vya kutosha na mie nimecheka nao. Sukari ilikuwa imenikamata, presha juu, magoti hayataki tena kusimama mbele ya moto, na daktari akanieleza kwamba kwa mtu mzito kama mimi mwenye sukari hii operesheni ni matibabu kama matibabu mengine. Nalisema mapema kwa sababu kuna wanaodhani tunaenda kukatwa ili tuvae dera la saizi ndogo, na dera lenyewe halina saizi.

Yangu ni ile wanayoita slivu. Wanatoa robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, linalobaki ni mfereji mwembamba kama ndizi. Iko nyingine ya baipasi, hiyo wanatengeneza kijifuko kidogo huku juu wanakiunga na utumbo moja kwa moja, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili zinagusa na homoni za njaa, ndo maana miezi ya kwanza unaweza kukaa mbele ya biriani ukaliangalia tu. Hili ndo watu hawalielewi kabisa, wanadhani najizuia, wanadhani nina maringo. Sina njaa, na nikizidisha kijiko kimoja juu ya kile kinachotosha kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni na chakula kinarudi kilikotoka, mbele za watu, aibu tupu.

Sasa niambieni mtu wa namna hiyo anakula vipi kwenye harusi zetu. Unakaa mkekani, sinia linashuka, mnalizunguka watu wanne watano, na kwa adabu zetu mgeni anasukumiwa minofu upande wake. Wewe unatakiwa utafune tonge moja mara ishirini na zaidi mpaka lilainike kabisa, wenzako washafika katikati ya sinia. Ukiinuka wa kwanza unawaharibia, manake wanaona haya kuendelea, kwa hiyo unabaki hapo unajifanya unachambua mfupa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu inakuja juisi ya ukwaju au soda, na sie hatutakiwi kunywa pamoja na chakula, tunasubiri kama nusu saa baada ya kula, na soda ndo kabisa ile gesi inakutesa. Mwenye nyumba anapita anakuona glasi imejaa na upande wako umejaa. "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Utamjibu nini mtu mzima amekesha akipika? Na mara nyingine aliyekesha akipika ni mimi mwenyewe, ndo yananifika mara mbili, ati hata mpishi hali chakula chake basi kuna kitu kimetiwa humu!

Na ajabu ni kwamba hadithi ya Mtume tunaijua sote tangu chuoni, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, tunaisoma vizuri na tajwidi yake, lakini mtu akiitekeleza mbele ya sinia anaulizwa anaumwa nini.

Kingine kilichonichosha ni ile karatasi ya chakula niliyopewa hospitali (siitaji jina, wapasuaji wenyewe walikuwa wazuri). Imejaa jeli, chizi nyeupe na bata mzinga wa kusaga. Bata mzinga nimuone wapi mie hapa Majengo? Mpangilio wenyewe nilielewa, kwanza maji na supu iliyochujwa kwa funda dogo dogo mchana kutwa, halafu maziwa na vitu vya majimaji, halafu vilivyosagwa, halafu laini, na kwa kawaida unafika mwezi na nusu hadi miwili ndo unaanza chakula cha kula kama watu, ingawa kila hospitali ina ratiba yake na unafuata ya daktari wako. Shida ni kila hatua hizo ule nini kwenye jiko la Kipwani. Ikabidi mpishi nifanye kazi yangu. Supu ya mifupa ya mbuzi nikaichuja kwa kitambaa na mafuta nikayaengua yote. Mtindi wa kawaida usio na sukari. Ilipofika zamu ya kusaga nikamtokosa samaki changu kwa ndimu na chumvi, nikamtoa miba mmoja mmoja, nikamponda na mchuzi wake, wallahi ni chakula kizuri hata kwa asiyekatwa. Pojo na mbaazi zikapita kwenye blenda na tui jepesi la pili, lile tui zito la kwanza nikawaachia watoto. Yai la kuvuruga laini. Supu ya pweza ile ya jioni ya barabarani nilianza na mchuzi wake tu, pweza mwenyewe nikamsubiri sana, huyo hata mwenye tumbo zima anahangaika naye.

Mahamri, chapati na mkate mweupe ndo wabaya wangu. Ule unga ukifika pale unajikusanya donge unakaa. Wali unapita lakini mwisho, vijiko viwili vitatu, baada ya samaki na mboga. Na hii ya kuanza na samaki si mapenzi yangu, ni hesabu. Tunaambiwa tupate protini kama gramu 60 kwa siku angalau, na yai moja lina kama gramu 6 tu, sasa kwenye tumbo la ukubwa huu ukitanguliza wali protini utaiweka wapi? Ukiikosa misuli inaisha, nguvu zinaisha, nywele nazo.

Nywele ndo zilinipatia umaarufu. Kuanzia kama mwezi wa tatu zikaanza kutoka, daktari alinionya mapema kwamba hutokea kwa wengi na kwa kawaida hurudi zenyewe ukila vizuri na kumeza dawa zako, lakini mtaa haukuonywa. Mtu amekonda ghafla, nywele zinatoka, hali mbele za watu, basi washamaliza utafiti wao na ugonjwa washaupa jina, mpaka kazi mbili nikanyang'anywa ati wasije wakala kwa mikono ya mgonjwa. Hapo ndo niliamua kusema wazi kwamba nimekatwa tumbo, nikachoka kuficha, na bora wanicheke kwa kitu cha kweli.

Nina shoga yangu wa Kisauni alifanyiwa ile ya baipasi, yeye hakuambia mtu. Kwenye arusi moja akabembelezwa sana na halua na kahawa, onja tu, kidogo tu, utatuvunja moyo, akaonja vipande viwili. Dakika chache jasho linamtiririka, moyo unakimbia, kizunguzungu, tumbo linamkata anatafuta choo. Hii inajulikana, sukari ikimwagika haraka kwenye utumbo mwili unafanya hivyo, kwa watu wa baipasi zaidi na hata sie wa slivu wengine inatupata, inapita ukilala kidogo. Lakini wale wa mle ndani washaamua ni jicho, mmoja anasoma, mmoja ametoa ubani, na yule aliyembembeleza ndo analia zaidi. Kidogo tu hiyo.

Dawa niseme kwa haraka kwa sababu hili linaumiza watu kimya kimya. Vitamini ni za maisha, B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na nyingine utakazoandikiwa, hata kama unajisikia mzima, na damu inapimwa kila mara. Chuma na kalsiamu usimeze pamoja, tenganisha saa mbili, na chuma usishushie na chai. Zile dawa za maumivu tunazonunua tu duka la dawa kama ibuprofen na diclofenac uliza daktari kwanza, zinaleta vidonda vya tumbo na kwa mtu wa baipasi ni hatari zaidi. Wa sukari na presha msiendelee na dozi ya zamani kwa mazoea, mwili unabadilika haraka na ile dozi inaweza kukushusha sana, rudini kliniki. Wanawake, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na aliyefanyiwa baipasi asitegemee vidonge vya kupanga uzazi bila kuuliza. Ukitapika siku baada ya siku usiambiwe ni kawaida, ukakosa vitamini B1 inaweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Na siku za mwanzo ukiona homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, moyo kwenda mbio, pumzi kubana au mguu kuvimba, hiyo ni hospitali sasa hivi, usiku huo huo, usingoje asubuhi na tangawizi.

Ramadhani ya kwanza mimi sikufunga, daktari alikataa kwa sababu ya maji, mtu anayekunywa kwa funda hawezi kujaza upungufu wa mchana kutwa kwenye yale masaa machache ya usiku. Kila mtu amuulize wake. Kilichoniuma ni futari, si kwa kuikosa, kwa maswali. Bi mkubwa mmoja jirani ndo alinistahi, kila magharibi analeta kibakuli kidogo cha supu ya kuku kimefunikwa na kisahani, haulizi, anaweka anaenda zake. Mungu amzidishie.

Sasa nije kwenye ombi langu, na ni kwa pande mbili. Wenye arusi, mkijua kuna mtu amekatwa tumbo, au mzee, au mwenye sukari, mwekeeni sahani yake ndogo na kijiko ajipakulie mwenyewe, na atakachobakisha apewe aende nacho nyumbani bila kuangaliwa. Mimi kwenye kazi ninazochukua nimeshaanza, kando ya masinia kuna meza ya visahani, ina samaki wa kupaka na kuku asiye na mafuta mengi na kachumbari, na niwaambie inaisha kabla ya masinia, manake wengi walikuwa wanaitaka hawana pa kusemea. Lile neno "onja tu kwa ajili yangu" liacheni kabisa, hujui ndani ya mtu kuna nini.

Na nyie wahariri, siku mkirudi kwenye mada hii mtafuteni mtaalamu wa lishe wa hapa hapa Pwani, mumweke na mpishi meza moja, mtoe ukurasa wa chakula chetu baada ya upasuaji, pojo, changu, mtindi, uji wa wimbi, kiasi gani na wiki gani. Mpishi akikosekana mimi nipo. Na kwa wale wanaosita kunipa kazi kwa sababu sili, chumvi naonja kwa kijiko cha chai kama nilivyokuwa nikionja zamani, ulimi hawakuukata.

Mpishi wa harusi,
Majengo, Mombasa