Barua kutoka Xi'an: Mama, kaa umtazame Qiu Ju

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako, Bibi na wadogo zangu. Baridi ya Xi'an imeshaanza kuuma, ila chumba kina joto na tangawizi nachemsha kila jioni.

Habari ya migomba nimeipata. Baraza limewasuluhisha, jirani amekubali kulipa, nawe umezikataa fedha zake kwa kuwa hajatamka samahani. Mjomba kanipigia, anataka nikubembeleze uzipokee. Sitakubembeleza. Nataka nikusimulie habari za mwanamke wa mkoa huu huu niliopo, Shaanxi. Anaitwa Qiu Ju.

Ni filamu ya mwaka 1992 ya Zhang Yimou, mzaliwa wa hapa Xi'an. Najua huko ukitaja filamu ya Kichina watoto wanawaza Jackie Chan na Jet Li. Humu teke ni moja tu, nalo limeshapigwa filamu inapoanza. Mume wa Qiu Ju alimtukana mwenyekiti wa kijiji kwamba anafuga majike tu, maana ana mabinti watupu, na mwenyekiti akampiga teke la sehemu za siri. Qiu Ju ni mja mzito. Anapakia pilipili kavu, anaziuza apate nauli, na pamoja na wifi yake anapanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine mpaka mjini. Kila ofisi inaamua alipwe fedha. Yeye anataka mwenyekiti akiri kosa, basi.

Sehemu moja nimeirudia mara nyingi. Mwenyekiti anatoa yuan 200 za fidia, noti za kumi kumi, lakini hampi mkononi. Anazirusha chini, upepo unazitawanya. Anamwambia aziokote: kila noti atakayoiinamia, atakuwa amemwinamia yeye, na akimaliza zote ishirini wamemalizana. Qiu Ju anamtazama, anazungumza naye maneno machache, anaondoka. Noti zinabaki mavumbini. Hapo nilikuona wewe, Mama.

Aliyeigiza ni Gong Li. Kazaliwa Shenyang, kakulia Jinan, mbali na huku, akajifunza lafudhi ya wakulima wa Shaanxi. Darasani tunafundishwa "mimi" ni wo. Qiu Ju anasema e, vile vile asemavyo muuza tambi wa mtaani kwangu. Kajifunga kitambaa kichwani, tumbo mbele, mikono kaichomeka kwenye mikono ya koti. Picha nyingi za barabarani zilipigwa kwa kamera zilizofichwa, watu wakipita bila kujua kwamba yule ni nyota. Huko Venice, kwenye tamasha la filamu, ilipata tuzo kuu ya Simba wa Dhahabu, naye akatangazwa mwigizaji bora wa kike.

Niliitazama na mama mwenye nyumba. Namwita Ayi, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo hata kama hakuna damu. Ilipofika kwenye kujifungua akaisimamisha ili anieleze. Mzazi huku anakaa ndani mwezi mzima: maji baridi hagusi, upepo haumpati, anapewa uji, mayai na sukari nyekundu inayokaribia sana sukari guru yetu. Mtoto akitimiza mwezi, watu wanaitwa kula. Nikamsimulia arobaini ya kwetu, maji ya moto na kukandwa, akapiga makofi. Akauliza nani alikukanda wewe. Nikamjibu: mke wa jirani. Ndiyo, Mama, jirani huyo huyo wa migomba.

Sasa sikiliza ilivyoisha. Uchungu ulimshika Qiu Ju usiku wa theluji, ukamwia mgumu. Aliyekusanya wanaume wakambeba hadi hospitali ni mwenyekiti. Mtoto wa kiume akapatikana salama. Siku ya karamu ya mwezi wamemngoja mwenyekiti aje kama mgeni wa heshima, ndipo habari ikafika: eksirei imeonyesha mume alivunjika ubavu, polisi wamemchukua mwenyekiti, siku 15 mahabusu. Qiu Ju anakimbia hadi barabarani. King'ora kinakwenda zake, uso wake umeganda hajui la kufanya. Inaishia hapo. Ayi anasema alifanya haki. Mume wa Ayi anasema angeacha mapema. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mimi niko na Ayi. Hata mimi fedha za kurushiwa nisingeziinamia, na wewe usiinamie za yule bwana. Ninachokuomba ni kabla shauri halijapelekwa mbele zaidi, umwite mke wake mkae wawili jikoni, mzungumze bila Mjomba wala mjumbe. Yeye kumwambia mumewe atajua namna.

Filamu nimeituma kwenye simu ya mdogo wangu. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, akusomee polepole, asiruke. Bibi naye aitwe. Nitapiga Jumapili baada ya magharibi ya huko.

Mwanao akupendaye