Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Helikopta za Watu Binafsi na Marubani Wake

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Ada zinakuja, ahsanteni. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: kumbukumbu za helikopta za watu binafsi zilizopata kutua Unguja na Pemba, na marubani waliozirusha.

Ndege za abiria zina ratiba na tiketi, hazipotei kirahisi. Helikopta ya tajiri au ya hoteli hutua kiwanja cha mpira, ikaondoka. Ikiuzwa nchi nyengine, hata usajili wake wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, hufutwa ubavuni. Hubaki daftari la rubani na vichwa vya wazee wetu, na wazee wanatuondokea.

Barazani iliyotajwa sana ni JetRanger ya Bell, iliyoruka mara ya kwanza 1966. Ina panga mbili tu, ndiyo maana ule mpigo wake mzito huusikia kabla hujaiona. Robinson R44 ilikuja miaka ya 1990, ina injini ya pistoni kama gari, na bei yake ni nafuu. Wapo miongoni mwetu wanaoidharau. Mimi simo: imewapa umiliki watu ambao JetRanger wangeishia kuitazama.

Rubani mmoja mstaafu alitueleza namna ya kutua kiwanja cha skuli wakati wa kusi. Kwanza huzunguka juu akitazama makuti ya minazi na moshi wa majikoni, ajue upepo unatoka wapi. Kisha huja akiukabili, akitafuta nguzo za umeme, maana nyaya zenyewe kutoka juu hazionekani. Vumbi likiinuka, jicho hulikaza kwenye goli mpaka vyuma viguse ardhi. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa watoto, wanaokimbilia nyuma, kwenye panga dogo la mkia linalozunguka hata halionekani. Basi kila safari alimwomba sheha aweke watu wazima upande ule, wazuie. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu daftarini mwake safari ile ni mstari mmoja.

Watu hudhani injini ikizima helikopta huanguka kama nazi. Sivyo. Rubani hushusha papo hapo wenzo wa mkono wa kushoto, upepo unaotoka chini ukaendelea kuzungusha panga, na akikaribia chini hutumia mzunguko huo kupunguza kishindo. Ila akichelewa kidogo tu, panga hupungua kasi, basi tena. Waliovuka Mkondo wa Pemba kwa injini moja walikuwa na hesabu hiyo kichwani njia nzima. Nawaheshimu sana. Na mafundi wao pia, waliosafisha injini kwa maji baridi kila zikirudi kutoka baharini, chumvi isije ikazila.

Kamati inaomba idhini yenu ya kununua kinasa sauti na kwenda Pemba kabla ya masika, kuwasikiliza wazee wa Chake Chake na Wete. Mwenye picha aandike nyuma yake mahali na mwaka, kisha amkabidhi katibu, naye ataipiga nakala na kumrudishia.