Kilwa ziko tatu, mhariri, na moja inaporomoka

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya meli ya watalii kutia nanga Kilwa imenishinda. Kilwa ziko tatu, Kisiwani, Masoko na kwetu Kivinje. Mmeweka picha ya boma la Mjerumani, lile la Kivinje linalotazama bahari, chini yake mkaandika magofu ya Kilwa Kisiwani. Ndani tena mwandishi wenu anasema Makunganya, yule aliyepigana na Mjerumani, alinyongwa huko huko kisiwani. Jamani! Hassan bin Omari Makunganya kanyongwa Kivinje mwaka 1895, kwenye mwembe, na pale mahali mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga, angeuliza mtoto yeyote wa shule angepelekwa mpaka pale pale.

Kisiwani ni Kisiwani. Ndiko kwenye msikiti mkuu na Husuni Kubwa, jumba la sultani, ndiko alikofika yule msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, Mreno akaja kuvamia 1505. UNESCO wakaiandikisha pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara 1981, 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikakarabatiwa, 2014 ikatolewa, na mi sina kinyongo maana kule nina wajomba. Kilwa Masoko ndiko ziliko ofisi, bandari na uwanja wa ndege. Sisi Kivinje ndio mji wa karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa inaishia kwetu, Mjerumani naye akaweka boma lake kwetu, ila kwenye hiyo orodha ya UNESCO hatumo. Sasa nyie mkiandika tu "Kilwa yakarabatiwa", mtu wa Dodoma anajua na sisi tumekarabatiwa.

Nyumba ya marehemu babu iko Kivinje, ya mawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko. Masika iliyopita boriti mbili za chumba cha mbele zimekatika, zimeoza kule zinakoingia ukutani, kifusi kimejaa mpaka mlangoni. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa hilo jengo ni la kihistoria usiliguse. Nikasema sawa, basi nisaidieni kulitengeneza, nikaambiwa hapana, hiyo ni nyumba ya mtu binafsi. Yaani nikitaka kugusa ni ya taifa, nikitaka hela ni ya babu yangu! Nikasema basi ntanunua boriti mwenyewe, nikaelekezwa ofisi nyingine kwa kuwa mikoko haikatwi bila kibali, kule nikakuta mtu anachaji simu akaniambia mwenye kibali yuko safari nirudi wiki ijayo, nimerudi bado yuko safari, na kijana mmoja pale kwa nia njema kabisa akanishauri nipige saruji na bati yaishe. Saruji juu ya ukuta wa chokaa! Ukuta ule unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu na chumvi vinabaki ndani, baada ya muda unamenyeka wenyewe vipande vipande, hilo fundi yeyote mzee wa Kivinje anakwambia bila hata kusoma.

Na wenye mabasi nao ni hao hao. Umekata tiketi imeandikwa Kilwa, unashushwa Nangurukuru, njia panda ya barabara kuu, usiku na mizigo yako, konda anakwambia "Kilwa ndo hapa". Ndo hapa wapi? Hapo hakuna Kilwa hata moja, kuna mataa ya bodaboda na kijana anakuuliza mzee unaenda Kilwa ipi, na ukionekana mgeni anakupeleka Masoko kwa kuwa ndiko nauli inakonenepa.

Mi siombi mabilioni. Zile boriti za mikoko zinazokamatwaga kwa wasio na vibali, badala ya kuachwa zioze uani kwenye maofisi au kupigwa mnada, ziletwe Kivinje, wapewe kwanza wenye nyumba ambazo dari bado hazijashuka zote, na lori la chokaa, chokaa narudia, sio saruji. Mafundi tunao. Na mwandishi wenu akija tena apige picha ya chumba cha mbele cha babu, ila avae kofia ngumu, halafu chini yake aandike Kilwa Kivinje, maneno yote mawili.

Msomaji wenu,
Mwana Kivinje, sasa niko Mbagala