Kimbilio liwe na ufunguo, maji na choo

Mhariri,

Masika yakikaribia, Zaburi ya 46 husomwa sana makanisani: Mungu ni kimbilio na nguvu, hatutaogopa hata milima itetemeke. Kwetu Manyara maneno hayo ya milima si ya kusomwa kwa wepesi tena, tangu alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh.

Tunachoomba ni kwamba usharika unaosoma andiko hilo uliandae jengo lake kabla mvua hazijaanza. Mtu aliyefukuzwa na maji usiku hukimbilia kanisani, na kinachompokea aghalabu ni kufuli. Funguo zikae kwa watu watatu wanaoishi jirani, si kwa mchungaji peke yake, ambaye huenda yuko semina.

Lakini kwanza tazameni jengo limesimama wapi. Kanisa lililo kandokando ya korongo au chini ya mteremko lisipokee watu. Waelekezwe shule iliyo juu zaidi. Kusema Mungu atailinda nyumba yake hata iweje ni kumjaribu, na tukumbuke ni nani aliyemshauri Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu.

Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Kanisa la mita 10 kwa 20, mabenchi yakitolewa nje, linatosha watu 57. Mkiingiza 200, kikohozi na kuhara havichelewi. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo kwa watu hao 57 simtanki la lita 1,000 halimalizi siku ya pili. Choo, tundu moja kwa watu 20, ya wanawake yakiwa peke yake na taa njiani. (Misikiti imetutangulia hapa: mabomba ya kutawadhia yapo tayari.) Maji ya mafuriko yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe kidonge cha kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yasubiri dakika 30. Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Wakati huohuo apelekwe zahanati.

Sasa huduma ya roho, ambako makosa ni mengi zaidi. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Huo ndio utaratibu: chakula, usingizi, kisha neno. Mikesha ya vipaza sauti katika ukumbi wenye wafiwa na watoto wachanga ni ukatili, hata kama nyimbo ni nzuri. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini kimya. Walimwumiza walipoanza kueleza sababu. Mfiwa asiambiwe ni adhabu, wala asiharakishwe kushukuru. Someni naye zaburi za kulia, mfano ya 13 au ya 88, aone kwamba malalamiko nayo ni sala.

Maombi ya kufunga yasiwahusu wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa wa kisukari wala wanaotumia dawa za kila siku. Dawa zikisombwa na maji, kutafuta nyingine ni kazi ya siku ya kwanza, hasa za kifafa, shinikizo la damu na ARV, kwa sababu kuzikatiza ghafla kunadhuru. Na anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake hata usiku mmoja: apelekwe hospitali, mzee wa kanisa akiwa naye kwenye foleni.

Wazee wa usharika,
Babati